Balansi ya Mzee Shekidele

Jambo hili nilisimuliwa kwanza na wifi yangu Tunu, siku ya sita baada ya kujifungua, akiwa amempakata mtoto asiye na jina bado. Nami nawasimulia kama alivyonieleza.

Hapo zamani, zamani ya juma moja tu, uchungu ulimshika Tunu saa nne asubuhi, mumewe yuko safarini. Hospitali iko juu mlimani. Jirani mwenye gari ni Mzee Shekidele, dereva wa malori aliyestaafu. Gari lake ni dogo, otomatiki, pedeli mbili tu. Aliacha chai mezani, akaja.

Katikati ya mlima barabara ilikuwa inatengenezwa, magari yanapita kwa zamu. Dada mmoja, Nakijwa, ndiye aliyeshika kibao. Akawaonyesha SIMAMA, papo hapo penye mwinuko mkali.

Mzee Shekidele hakukanyaga breki. Alikanyaga mafuta kidogo kidogo, gari likaning'inia, halipandi wala halishuki.

"Mzee, mbona hushiki breki?" Tunu akauliza.

"Mwanangu, hii ndiyo balansi. Leseni yangu niliipata kwa balansi, mlima huu huu. Breki waachie wanaojifunza."

Foleni ikasogea, akabalansi. Ikasogea tena, akabalansi. Mara ya tatu pakanuka kama kitambaa kilichoungua kwa pasi. Taa ikawaka mbele yake, gari likatetemeka, likakataa kupanda.

Akampigia simu fundi Hoza, anayelihudumia gari lile, akamweleza harufu na taa.

"Ulikuwa unabalansi?" fundi akauliza.

"Ndiyo, kwani kuna nini? Gari halina klachi."

"Linazo mbili, mzee. Zimo ndani, linazikanyaga lenyewe. Moja ya gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine ya pili, ya nne na ya sita. Ukilishikilia kwa mafuta, klachi inajisugua mpaka inaungua. Weka P, vuta hendibreki, subiri robo saa ipoe."

"Nina mwenye uchungu humu."

"Pole yake. Lakini ukiondoka sasa utanipigia tena mbele, na hapo sitakuwa na la kukuambia."

Wakasubiri. Tunu alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili.

Nakijwa akaja dirishani kuuliza kulikoni, akamwona Tunu. Alirudi mbio, akasimamisha magari ya pande zote mbili, hata lori la msimamizi wake. Robo saa ilipotimia akamwambia, "Mzee, njia yote yako. Usisimame popote."

Gari likapanda moja kwa moja, gia zikipokezana bila mshtuko. Walifika, na haikupita nusu saa mtoto akazaliwa. Nakijwa siku hiyo hiyo alinyang'anywa kibao, akapelekwa kubeba kokoto.

Siku ya tano wote watatu walikuja kumwona mtoto. Tunu akasema, "Mmoja wenu atampa jina. Sijui nani."

"Mimi ndiye niliyeacha chai," alisema Mzee Shekidele. "Bila gari, hayo maneno ya fundi angeambiwa nani?"

"Gari lenyewe ulikuwa unalichoma," alisema Hoza. "Bila maneno yangu, mtoto angezaliwa kwenye kokoto."

"Umelihudumia miezi minane, hukuniambia lina klachi."

Hoza akasema, "Nilidhani unajua."

"Na mimi je?" alisema Nakijwa. "Mngesimama mara sita zaidi mlimani pale. Robo saa yenu ingekuwa bure. Tena kokoto nazibeba mpaka leo."

"Nani alitusimamisha penye mwinuko?"

"Ni mimi, mzee. Sikutazama ndani ya gari."

Wakacheka, lakini hakuna aliyeacha dai lake. Mzee akaongeza, taratibu, "Tangu siku ile nakanyaga breki." Kwake hilo si dogo.

Siku ya saba asubuhi Tunu aliniita nimwandikie kadi ya kliniki, kwa kuwa herufi zangu zinasomeka. Niliandika tarehe. Niliandika uzito. Nilipofika kwenye mstari wa jina nikainua kalamu, nao watatu wamerudi, wameketi mkekani wananitazama. Je, wenzangu, mngekuwa ninyi, mngeandika jina lililochaguliwa na nani?