Zimwi na Kope za Mwanakombo

Jamani, kwaru, kwaru, kwaru! Ndivyo kucha zilivyokwaruza mlango usiku wa manane, na ndani yumo Mwanakombo peke yake na kichanga chake cha siku thelathini na tisa, kesho ndiyo arobaini yake. Na Zimwi halimli mtoto aliyetimiza arobaini, kwa hiyo usiku huo ndio wa mwisho. Wala haliingii mpaka mama asinzie.

Sasa Mwanakombo, binti wa miaka ishirini, ana makengeza tangu kuzaliwa, na kope zake zimeshuka mpaka nusu ya jicho. Mawifi walimcheka: "Wifi, umelala? Unanitazama mimi au mlango?"

Zimwi likachungulia. "Mama, umelala?" Kimya. "Mama, umelala?" Kimya. "Mama, umelala?" Mwanakombo hathubutu hata kukohoa. Zimwi likaona kope zimeshuka, likacheka, likaingia.

Kumbe jicho moja liko kwa mtoto, jingine liko mlangoni! Akakamata sufuria ya uji wa mzazi, ule wa pilipili manga, unachemka makaani, akalimwagia usoni.

"Mamaa! Kumbe hukulala?"

"Kope zangu ndizo zilizolala, mimi niko macho!"

Zimwi likapapasa, halioni kitu, likapiga magoti. "Bibi we, nisitiri! Usimwambie mtu kwamba nimeshindwa na mwenye makengeza."

"Ondoka, ukome, nami simwambii mtu."

Na hakumwambia, ila mimi. Nami nimewaambia ninyi tu. Wallahi, mwingine simwambii.