Nguchiro na Kobe Asiyekua

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi mlioko mlangoni sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani zile za kale, katika nyika ya udongo mwekundu, paliondokea nguchiro mmoja jike. Nguchiro huyu alikuwa hatulii. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anakimbia. Akikimbia, anasimama kwa miguu ya nyuma, anatazama huku, anatazama kule, kisha tifu-tifu-tifu, huyo anarudi alikotoka. Alikaa na wanawe ndani ya kichuguu cha zamani kilichohamwa na mchwa.

Mwaka mmoja moto ukapita nyikani. Majani yakaungua, vichaka vikaungua. Moto ulipozimika, Nguchiro akatoka kutafuta chakula kwenye majivu. Akaona kijiwe cheusi. Akakigusa kwa pua. Kijiwe kikatoa kichwa. Kumbe si kijiwe, ni mtoto wa kobe, hana mama wala ndugu.

"Wewe ni wa nani?" Nguchiro akauliza.

"Sijui," mtoto akasema.

"Basi wewe ni wangu."

Akambeba kwa mdomo mpaka kichuguuni. Akamweka ndani kabisa, kwenye giza, mahali ambapo adui asingemfikia. Akamwita Kibwe, maana alifanana na jiwe dogo.

Siku zikaenda. Watoto wa Nguchiro wakakua. Meno yakatoka, mikia ikarefuka, wakaanza kukamata panzi wenyewe. Kibwe yuko vile vile. Mvua ikaja, mvua ikaondoka. Watoto wa Nguchiro wakalingana na mama yao. Kibwe yuko vile vile. Tena kibaya zaidi, gamba lake likaota vinundu, likapinda pembeni, na ukilibonyeza linabonyea kama yai la nyoka.

Roho ya Nguchiro ikawa juu juu. Kila asubuhi alimlazia mkia wake ubavuni kumpima.

"Umekua?"

"Sijui, mama."

"Nyoosha shingo."

"Nimenyoosha."

"Nyoosha tena."

Akaona labda chakula hakitoshi. Akakimbia huku, akaleta mayai. Akakimbia kule, akaleta panzi wanono. Akaleta chura, akaleta maini ya panya. Vyote vizuri, vyote anavyovipenda yeye. Kibwe alikula kidogo ili mama asihuzunike, kisha akageuza uso.

Jirani yake alikuwa Kanga. Kanga akaja na madoadoa yake, kwaru-kwaru, akichakura mchanga.

"Shoga," akasema, "yule mtoto wako anakula kweli?"

"Analishwa kuliko wote."

"Mbona hakui? Mtoe nje basi, apate hewa."

"Nimtoe nje, na Mwewe yuko juu anazunguka? Gamba lake ni laini. Mwewe atalipasua kwa ukucha mmoja."

"Na kwa nini gamba lake ni laini?"

Nguchiro akakaa. Akainuka, akazunguka kichuguu, tifu-tifu-tifu, akazunguka tena.

Ikafika siku Kibwe alijaribu kusimama, miguu ikafunguka kama ya mlevi. Kifua puu, chini.

"Mama," akasema, "nimechoka, na sijaenda popote."

Nguchiro hakungoja. Akawaambia wanawe wamwangalie, akatoka mbio mpaka kilima cha mawe alikokaa Bi Kobe. Akamkuta anatafuna majani. Akafika anahema.

"Shikamoo, bibi."

Bi Kobe akatafuna. Akameza. "Mara... haba."

"Nimemlea mtoto wa kabila lenu. Hakui. Gamba laini, miguu haina nguvu. Nifanye nini?"

Bi Kobe akafikiri. Nguchiro akakaa, akainuka, akakaa.

"Mtoto wa kobe," Bi Kobe akasema, "anataka jua..."

Jua! Nguchiro alikwisha geuka. Huyo anateremka kilima, vumbi nyuma yake. Bi Kobe bado anasema, maneno yanaangukia vumbini.

Akafika nyumbani, akambeba Kibwe, akamweka juu ya mwamba mtupu. Jua lilikuwa utosini. Yeye akaenda kuzunguka vichaka kumtafuta Mwewe asije akamvizia mwanawe. Akachungulia kichaka hiki, akachungulia kile. Aliporudi, Kibwe amefumbua mdomo, mate yanamtoka, miguu inapiga hewa.

"Mama, naungua."

Akamburuta hadi kivulini. Akakimbilia maji, akayaleta kinywani, akamdondoshea tone kwa tone. Kibwe hakujitikisa. Nguchiro akalaza sikio juu ya lile gamba laini, akasikiliza. Kimya. Akasikiliza. Kimya. Baadaye, mbali sana, akasikia pumzi ndogo. Nguchiro akalia.

Mtoto alipopata nafuu, mama akarudi kilimani, macho mekundu.

"Bibi, nilikuja kwako na shida, ukataka kuniulia mtoto."

"Nilisema anataka jua la asubuhi," Bi Kobe akajibu, "na kivuli likipanda. Hayo ya mwisho niliyasema peke yangu. Wewe ulikuwa umekwenda."

Nguchiro akainamisha kichwa. Hasira ikamtoka, ikabaki aibu. Akakaa. Miguu ikamwasha kutaka kukimbia. Mkia ukatikisika, akaukalia.

"Leo nitasikia yote," akasema.

"Anakula nini?"

"Mayai, panzi, maini ya panya."

"Hicho ni chakula chako." Bi Kobe akavuta jani, akalitafuna. Nguchiro akangoja. "Sisi tunakula majani. Ukoka, mchunga, ua la mbigili likichanua. Usimletee. Mwache alifuate jani kwa miguu yake, ndipo miguu itapata nguvu."

"Ndiyo, bibi."

Bi Kobe akavuta jani jingine. Nguchiro akangoja tena.

"Mtafutie ganda la konokono lililokauka, aligugune. Hilo na jua ndivyo vinavyokaza gamba. Na maji, mchimbie kijishimo, maji yasipite shingo, aingie alowe na anywe."

"Na Mwewe, bibi? Nikimtoa nje gamba halijakaza, nani atamlinda?"

Bi Kobe akaacha kutafuna. Alimtazama tu. Kivuli cha jiwe kilikuwa kimeshahama upande mmoja kwenda wa pili, na Nguchiro alikuwa bado ameketi.

Kuanzia hapo, kila asubuhi jua likichomoza, Nguchiro alimtoa Kibwe nje. Akasimama kando yake kwa miguu ya nyuma, akatazama mbingu. Kibwe akatoa kichwa. Akatoa mguu. Akasimama. Akatoa mguu mwingine. Ukoka uko pale, karibu, na asubuhi nzima inaishia njiani. Neno "fanya haraka" lilimfika Nguchiro kinywani mara nyingi. Akalimeza. Likapanda. Akalimeza.

Mwewe naye aliona. Mtoto wa kobe, laini, peupe. Kanga akapiga kelele kutoka kichakani, ke-ke-ke-ke. Vuuu, Mwewe huyo anashuka. Nguchiro akaruka juu akiwa amefunua meno, wakakutana hewani. Manyoya yakatawanyika. Mwewe akapanda juu na ngozi ya sikio la Nguchiro kwenye ukucha.

"Kesho nitarudi," Mwewe akasema kutoka mti mkavu.

"Kesho nitakuwepo," Nguchiro akasema, damu ikimtiririka shavuni.

Akarudi. Akamkuta. Akarudi tena. Akamkuta tena. Wale watoto wakubwa wa Nguchiro walipoona sikio la mama yao, wakaacha kuwinda mbali, wakawa wanapokezana naye.

Mvua zikaja, zikaondoka. Majani yakaota, yakakauka, yakaota. Nguchiro aliacha kumpima mtoto kwa mkia. Hakuwa na nafasi, macho yake yalikuwa juu. Kanga ndiye aliyeona.

"Shoga, hebu mtazame mwanao."

"Ana nini?"

"Pembeni mwa gamba. Pana mstari mpya, mweupe, umezunguka pande zote."

Nguchiro akatazama. Kweli. Akabonyeza gamba. Halikubonyea. Akaligonga kwa kucha. Ko, ko, ko. Vile vinundu vya zamani bado vipo, na havikuondoka maisha yake yote. Lakini gamba jipya limeota sawasawa, tena gumu.

Siku moja Nguchiro aligeuka kidogo tu, mwiba umemchoma. Mwewe akashuka bila sauti. Akamshika Kibwe, akamwinua. Makucha yakatafuta pa kuingia, hayakupata. Yakateleza. Kibwe akaanguka kwenye ukoka, kobo!

Nguchiro akafika mbio. Gamba limelala, kichwa kimeingia ndani, miguu imeingia ndani.

"Kibwe?"

Kimya.

"Kibwe, mwanangu?"

"Niko, mama."

"Umeumia?"

"Hapana. Nina njaa."

Kichwa kikatoka. Mguu ukatoka, na mwingine. Kibwe akageuka polepole, akaelekea kwenye mchunga ulioota kando ya kijito. Nguchiro alitaka kumbeba, ampeleke kichuguuni, gizani, asimwone mtu. Miguu yake ilicheza. Mwewe akatazama kutoka juu, akazunguka kidogo, kisha akaenda kutafuta mlo mahali pengine.

Nguchiro akashuka kwenye miguu yake yote, akajipanga ubavuni mwa mtoto. Hatua moja, akangoja. Hatua nyingine, akangoja. Wakaenda hivyo mpaka wakafika, na Kibwe akala.

Basi wakubwa kwa wadogo, funzo lake ni hili. Ukimfuga kiumbe au ukimlea mtoto, mpe anachohitaji yeye, si unachokipenda wewe. Na ukimuuliza mtu swali, kaa mpaka amalize jibu.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo ninapoiacha ipumzike.