Gobore la Kuupigia Mwezi

Hapo zamani, katika mji wa Kitopeni, paliishi mjane aliyeitwa Bi Ruzuna. Hakuwa na kitu ila ng'ombe mmoja, Sikitu, na maziwa yake ndiyo yaliyolea wajukuu watano.

Jirani yake, Chandewa, aligombana na mwezi. Alidai unamchungulia akioga. Akaurushia mawe, akavunja vigae vya nusu ya mtaa. Liwali wa mji akapiga marufuku: Chandewa asishike silaha yoyote, hata manati! Karani wa mji akaliandika jina lake kitabuni. Bi Ruzuna akashusha pumzi.

Chandewa akavuka kijito, akaingia duka la magobore la Mwinyikai. Huko ilitawala sheria ya Sultani: muuzaji apeleke jina la mnunuzi kwa karani wa Sultani, na siku tatu zikipita bila jibu, auze. Karani wa Sultani akafungua kitabu chake, jina halimo. Moyo ukasita, akamwandikia karani wa mji kuuliza kama kwake limo. Karani wa mji akairudisha barua, eti haina muhuri wa mji. Siku ya nne gobore likauzwa.

Asubuhi moja mwezi ulikuwa bado unaning'inia juu ya kilima. Chandewa akaulenga. Puu! Mwezi ukabaki palepale. Sikitu, aliyekuwa akila majani kileleni, akaanguka.

Barazani kwa kadhi, Bi Ruzuna akalia, "Nani kaniulia ng'ombe wangu?"

Karani wa mji akasema, "Mimi niliandika. Sheria yetu inasema andika, haisemi peleka."

Karani wa Sultani akasema, "Mimi niliuliza. Nimkataze vipi mtu asiyemo kitabuni?"

Mwinyikai akasema, "Mimi nilingoja siku tatu kamili."

"Na hukujua kwamba anagombana na mwezi?"

"Nani asiyejua, mama? Lakini hati ya Sultani haina mahali pa kuandikia mwezi."

Chandewa akainamisha kichwa. "Wote waliniuliza naitwa nani. Hakuna aliyeniuliza nataka kupiga nini. Ningemwambia! Nisamehe, mama, ng'ombe sikumlenga."

Kadhi akakuna ndevu, akauliza kama mwezi nao uitwe shaurini. Bi Ruzuna hakucheka. Aliwaza vikombe vitano vilivyomngoja nyumbani, vikavu.

Haya, nyinyi mlioketi hapa mkicheka, amueni: nani alimuua Sikitu?