Taa Nyekundu Ndani ya Deki

Ndugu zangu, kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe. Mkewe alikuwa mwimbaji wa kwaya, na aliacha CD moja yenye ubeti aliouimba peke yake. Nakala nyingine haikuwapo. Kila siku mwanamume aliitoa CD ile, akaifuta kwa kitambaa, akizungusha mkono kama anayekausha sahani. Baada ya miezi minane ikaanza kuruka, na iliruka penye ubeti ule ule.

Akaipeleka kwa mhandisi, mwanamke aliyekuwa akiunda deki za CD za bei kubwa kwa watu wenye masikio makali. Mhandisi akaigeuza kwenye mwanga.

"Baba, ulikuwa unasugua sufuria?"

Akamweleza kwamba CD hufutwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Sauti imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo unaofuata njia hiyo hula vipande vingi kwa pamoja. Mwanamume akainamisha kichwa. Mhandisi akaujutia utani wake.

Deki aliyokuwa akiimalizia ilikuwa na kitako cha chuma kizito, isitikisike, na umeme wa mota aliutenga na umeme wa sauti. Akaiweka CD humo. Ubeti ukapita wote bila kuruka. Mwanamume akaomba urudiwe, ukarudiwa mara tatu, naye akilia bila sauti. Angeweza kwenda nyumbani siku hiyo ameridhika.

Lakini mfuniko wa deki ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na taa ndogo nyekundu ambayo mhandisi aliiweka kwa majaribio yake. Mwanamume akauliza kwa nini inawaka katikati ya neno lile lile. Mhandisi angeweza kusema ni taa tu. Wewe ungemjibu nini mtu anayelia?

"Ikiwaka, baba, deki haijasoma. Inatazama sauti iliyotangulia na inayofuata, halafu inakisia ya katikati."

"Kwa hiyo hapo si yeye."

"Hapo ni hesabu zangu. Ni muda mfupi mno, sikio halitambui."

Mwanamume akauliza kama kukisia huko kunaweza kuzimwa. Mhandisi akamwonya kwamba patabaki pengo. Kisha akazima kukisia huko. Ubeti ukaimbwa, neno likakatika, kimya kikapita, neno likaendelea.

"Iache hivyo, mwanangu," akasema. "Nimekaa naye miaka thelathini na mmoja. Sitaki nianze kumzoea mwingine."

Ndugu zangu, mhandisi yule alikisia kwa hesabu makini, na bado alikiri kwamba amekisia. Sisi je? Tunaingia kwenye nyumba ya msiba na kumwambia mfiwa kwamba Mungu alimhitaji marehemu zaidi, kwamba kila jambo lina sababu yake. Tumelisoma wapi hilo? Hatukulisoma. Tuliogopa kimya chake, tukakijaza, kisha tukaweka jina la Mungu juu ya makisio yetu. Na mfiwa, kwa adabu, akatuitikia.

Wiki hii tuna nyumba ya msiba ya kwenda. Tukifika, tuseme tunalolijua: tulimpenda marehemu, tumekuja, tutateka maji. Mfiwa akituuliza kwa nini mtu wake amekufa, tumwambie hatujui, na tusinyanyuke kwenye mkeka.