Mlinzi wa Porini Ndani

Mwaka ule mvua iliupa mgongo Msitu wa Ngurumbi. Mto uligeuka njia ya mchanga, na Ngiri akawa anaoga vumbi huku akijisifu kwamba ni dawa ya ngozi. Maji yalibaki sehemu moja tu, katikati kabisa ya msitu, palipoitwa Porini Ndani. Huko hakuna aliyewahi kuvunja tawi wala kuchimba shimo. Kijito chembamba kilitoka humo hadi ukingoni, na wanyama wote walikunywa hapo.

Kiu ilipozidi, kila mmoja akaanza kujipenyeza ndani. Nyani wakavunja matawi, ngiri wakafukua mizizi, kijito kikawa tope. Simba akaitisha baraza. Si kwamba uchungu wa msitu ulimkosesha usingizi. Maji yake ya asubuhi yalikuwa yanakuja mazito, naye hakuzoea kunywa uji.

"Nataka mpango," alinguruma. "Sio wa leo na kesho. Mpango utakaowafaa wajukuu wa wajukuu zetu. Nani ana neno?"

Fisi alikuwa nalo. Alijua kwamba mama funo, wale swala wadogo wa msituni, huwaficha watoto wao humo, kwenye majani marefu.

"Mtukufu Mfalme," alisema, mkono kifuani, "msitu huu ni wa wote. Sehemu ya nje tuitumie kwa kiasi: matunda, malisho, vivuli. Porini Ndani tupafunge, tupaache kama palivyo. Asiingie yeyote, mkubwa wala mdogo. Hata mlinzi akae mpakani, asitie mguu."

"Na mlinzi ni nani?" aliuliza Sungura, akitafuna jani kavu.

"Nani mwingine? Mimi sili majani. Sina tamaa na chochote kilichomo."

Wanyama walipiga makofi, isipokuwa Mama Funo. "Watoto wangu wamo humo," alisema. "Wameanza tu kujilisha, na huku nje hakuna majani ya kuwaficha."

"Mama, tusitangulize mambo binafsi," Fisi alimjibu kwa upole. "Hapa tunazungumzia vizazi vijavyo."

"Kwani hao wangu ni vizazi gani?"

"Swali zuri sana. Tutalijadili kikao kijacho."

Kisha Fisi akapendekeza uitwe Mpango wa Simba, na Simba, ambaye hakuwa amesikiliza sehemu kubwa ya maelezo, akaupitisha palepale.

Kusema kweli, mpango ulifaa. Maji yalirudi kuwa meupe, matawi yakachipua. Wanyama walikonda kwa ukame, lakini walikunywa. Aliyenenepa ni mmoja tu.

"Mbona tumbo linakutangulia, bwana?" Ngiri alimuuliza siku moja.

"Ni majukumu," alisema Fisi. "Yananivimbisha."

Kila asubuhi Mama Funo alikuja mpakani akawaita wanawe, nao wakamjibu kwa mbali kutoka vichakani. Asubuhi moja hawakujibu. Aliita tena na tena.

"Wamelala," alisema Fisi, akijilamba mdomo. "Watoto wa siku hizi ni wavivu."

Mama Funo alikwenda kwa Sungura, akasimama mlangoni. "Wanangu hawaitiki," alisema. Sungura alimtazama, akaacha kutafuna. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Simba.

"Mtukufu, mpango wako umefaulu," alisema. "Haifai upite bila sherehe. Weka paja la nyama, apewe atakayeeleza vizuri kuliko wote uzuri wa Porini Ndani, ili wajukuu wajue Simba aliwahifadhia nini."

Simba alipenda sherehe, hasa zenye jina lake. Paja likaletwa mbele ya baraza, nono, linanukia. Mate ya Fisi yakalowesha miguu yake.

Sungura alianza. "Mimi sijafika, ila najua. Porini Ndani ni kubaya. Chemchemi yake ni chungu."

"Chungu?" Fisi alicheka. "Tamu kama asali!"

"Iko kwenye jua kali, hakuna hata mti."

"Wewe hujui kitu! Iko chini ya mkuyu mkubwa, kivuli tele. Mimi mchana hujilaza pale, tumbo majini."

Wanyama wakatazamana. Fisi alikuwa akilitazama paja, hakuona.

"Basi funo wa humo," Sungura aliendelea kwa sauti ya kawaida, "wanasemekana ni wanono sana."

"Wanono wapi!" Fisi alifoka. "Wale wawili wa kwenye majani marefu walikuwa mifupa mitupu, hata meno hayakupata..."

Akakoma. Mdomo ulibaki wazi, umechelewa.

Mama Funo alikaa chini.

"Umekula kwa jina langu?" Simba alinguruma, na haikueleweka vizuri kilichomuuma ni kile kitendo au lile jina. Fisi aligeuka kukimbia, lakini hata hapo hakuweza kuliacha paja. Alilikamata kwa meno, likamlemea, na Ngiri akamfikia kwa pembe zake mahali pa kukalia. Paja likaanguka, Fisi akatoka msituni akichechemea, na hakuruhusiwa kurudi tena.

"Sasa pafunguliwe!" Nyani walipiga kelele. "Mpango ulikuwa wa mwizi!"

"Hapana," alisema Mama Funo, akiinuka. "Maji mnayokunywa yametokana na mpango huo huo. Pabaki pamefungwa. Kilichooza kilikuwa mlinzi."

Wakakubaliana kulinda kwa zamu, wawili wawili, na kila wawili wawe wasioaminiana. Ngiri akapangwa na Nyani, Chui akapangwa na Nyati. Haikuwa kazi ngumu. Msitu mzima ulikuwa umejaa wasioaminiana.

"Na Mfalme?" aliuliza Sungura.

"Mfalme halindi," Simba alisema. "Mfalme hulindwa."

"Mfalme atalinda na mimi," alisema Mama Funo.

Baraza zima likamgeukia Simba. Simba akatikisa manyoya, akatazama juu, akakohoa, kisha akamfuata hadi mpakani. Alipotaka kujilaza nyuma yake, penye kivuli, Mama Funo alitikisa kichwa.

"Kaa hapa mbele," alimwambia, "nikuone."

Simba akasogea juani, akakaa.