Zulia la Afisa Vibali

Nilikwenda kuifunga gereji ya fundi Ndauka kwa kukosa kibali, nikaegesha gari la ofisi likitazama ukuta wake. Nikamsomea amri, nikatia kufuli. Wakati wa kuondoka, gia ya rivasi ikawa inachomoka kila nilipoachia klachi.

“Fundi, hebu njoo uone.”

Akachungulia ndani. “Nimeona, mheshimiwa. Ila nikigusa gari bila kibali, si utanishtaki?”

“Nakupa cha leo tu.”

“Fomu ya siku moja mnayo?”

Hatukuwa nayo, fomu zetu zote ni za mwaka mzima. Nikajaza moja, nikagonga muhuri, nikaondoa kufuli.

Ndauka akalivuta pembeni zulia nene nililojitandikia ndani ya gari, hadi kwenye shina la gia, kwa heshima ya cheo changu. Gia ikaingia mpaka mwisho.

“Lilikuwa linaizuia,” akasema. “Sasa rudi nyuma taratibu, mheshimiwa, wateja wanaingia.”