Jiwe la Mteremkoni

Jiwe usiling'oe hujajua lishikacho. Neno hilo mmelisikia leo kwa mwalimu wenu wa fizikia, alipochora gari mteremkoni na kuwataka mwoneshe kila kinacholivuta na kila kinachoizuia safari yake. Mnaniuliza limetoka wapi. Limetoka hapa hapa kwetu Upare, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Miaka hiyo wanawake wa kijiji chetu walipanda mlima na mahindi kichwani kwenda kusagisha upande wa pili. Hatimaye ikapatikana injini kuukuu ya mashine ya kusaga. Lori liliishusha juu barabarani, kwani njia ya kuja kijijini ilikuwa nyembamba na kali: upande mmoja ukingo wa udongo, upande mwingine genge.

Mzee Sekiete, seremala aliyeheshimiwa, akaunda gari la mbao la kuiteremshia. Watu sita walishika kamba ndefu ya katani iliyofungwa nyuma ya gari na kuzungushwa kwenye kisiki cha mwerezi, wakawa wanailegeza kidogo kidogo. Kati yao, aliyekuwa karibu na kisiki ni Nakiete. Kaka yake, Mbonea, alitangulia chini na mtaimbo akisafisha njia. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo uliteleza.

Katikati ya mteremko gurudumu la mbele likakwama kwenye jiwe. Gari liliposimama, wale wa kamba wakapumzisha mikono. Mzee Sekiete akatupa jicho juu, akawaona watu sita na kamba mikononi, akaridhika. Akamwagiza Mbonea aling'oe jiwe. Hapakuwa na pa kusimama ila mbele ya gari lenyewe, upande wa mteremkoni, naye akapiga magoti hapo.

Pigo la kwanza jiwe likatikisika, na gari likasogea upana wa kidole. Huko juu Nakiete aliliona likisogea, lakini mikononi mwake kamba haikumvuta hata kidogo.

"Kaka, usipige tena," alisema. "Kamba haijashika kitu."

Mzee Sekiete akamjibu, bila kugeuka, kwamba watu sita wanaishika.

"Sisi tumeishika kamba, Mzee, lakini kamba haijalishika gari. Limesogea na mikono yangu haikusikia kitu. Linalolizuia ni jiwe hilo tu."

Ndipo mzee alipoitazama kamba. Ilikuwa imelala juu ya majani. Akamwambia Mbonea atoke upesi.

"Siwezi," Mbonea akajibu polepole. "Jiwe limeshalegea. Sasa mtaimbo huu ndio unaolishikilia. Nikiuachia, gari linakuja."

Wale sita wakaanza kuvuta. Mzee aliwaonya wasiivute kwa ghafla, maana mshtuko mmoja ungeweza kulitoa jiwe. Miguu yao iliteleza kwenye tope. Chini, udongo ulimomonyoka punje kwa punje pembeni mwa jiwe. Nakiete akaizungusha kamba mara ya pili kwenye kisiki. Ikainuka kutoka kwenye majani, ikanyooka, ikajikamua maji. Alipoisikia inamuuma viganjani, akasema, "Sasa imeshika. Toka."

Mbonea aliuachia mtaimbo akajitupa ukingoni. Jiwe likachomoka. Gari likaruka hatua moja, kamba ikalia kwenye kisiki, kisha gari likasimama. Jiwe liliendelea kubingirika hadi likaukata mgomba huko chini.

Mbonea alikaa akiitazama mikono yake, vidole vikiwa vimegoma kukunjuka. Mzee Sekiete akapanda mpaka kwenye kisiki, akasimama mbele ya Nakiete.

"Mwanangu," alisema, "niliona watu na kamba, nikadhani nimeona nguvu."

Injini ilifika alasiri. Mwaka uliofuata wazee walikaa kikao kumwondoa msimamizi wa mfereji wa maji kwa sababu ya ukali wake. Walisema maji yanafika kila shamba, hivyo mtu yule mgomvi hana kazi. Mzee Sekiete aliwasikiliza mpaka wote walipomaliza, kisha akawauliza ni nani hasa anayewazuia wa juu wasiyamalize maji kabla hayajafika kwa wa chini. Ilikuwa kazi ya yule yule mgomvi. Ndipo akasema maneno ambayo tangu siku hiyo yamekuwa yetu sote: jiwe usiling'oe hujajua lishikacho.